Kutoka Mwani hadi Roma

Agosti 2001, jijini Los Angeles, makala ya kurasa nane iliwasilishwa katika mkutano wa SIGGRAPH, ambao ndio baraza kuu la wataalamu wa picha za kompyuta duniani. Waandishi wake walikuwa wawili kutoka Uswisi, Yoav Parish na Pascal Müller. Ndani ya makala mlikuwa na picha ya jiji linalofanana na Manhattan, lenye majengo yapatayo 26,000, na hakuna hata jengo moja kati ya hayo lililochorwa kwa mkono. Wawili hao waliipa kompyuta ramani chache zilizoonyesha wapi pana maji, wapi pana miinuko, wapi watu wamesongamana na wapi wametawanyika. Juu ya ramani hizo wakaweka kanuni. Barabara, viwanja na majengo vikatokana na kanuni hizo.

Programu iliyozaliwa na kazi ile inaitwa CityEngine, na leo inatumiwa na mamlaka za mipango miji, wasanifu majengo, watengenezaji wa filamu na wanaakiolojia. Anayeitumia hachori nyumba moja moja. Anaandika maelekezo mafupi yanayosema nyumba ya aina fulani huwaje, kisha kompyuta huyatekeleza juu ya kila kiwanja anachoionyesha, viwe kumi au elfu kumi. Nilichotaka kujua ni swali la mtu wa historia zaidi kuliko la mtu wa kompyuta: kanuni hizi zilipita wapi kabla ya kufika Zürich, Uswisi? Nikaanza kurudi nyuma, andiko kwa andiko. Njia haikunipeleka kwanza kwa wasanifu majengo. Ilinipeleka kwa mwanabiolojia.

Aristid Lindenmayer alizaliwa Budapest mwaka 1925. Mwaka 1968 alichapisha utafiti kuhusu namna seli za viumbe vidogo zinavyogawanyika na kupangana katika uzi mmoja. Kiumbe alichokipenda kama mfano kilikuwa aina ya mwani, lakini si huu wa Paje na Jambiani, Unguja, unaoanikwa juani ukauzwa kwa kilo. Ni ule mdogo unaohitaji hadubini. Lindenmayer aligundua kwamba ukuaji wake unaweza kuandikwa kwa kanuni mbili tu. Seli iliyokomaa, tuiite A, hugawanyika ikawa A na B. Seli changa, B, hukomaa ikawa A. Basi.

Chukua karatasi ujaribu. Anza na A. Hatua inayofuata unapata AB, kisha ABA, kisha ABAAB, kisha ABAABABA. Idadi ya herufi inakwenda 1, 2, 3, 5, 8, na ukiendelea utapata 13 na 21, kila namba ikiwa jumla ya mbili zilizoitangulia. Hakuna mahali ulipoambiwa uhesabu hivyo. Wanaisimu wa enzi hizo walikuwa tayari na sarufi za namna hii, zile za Noam Chomsky, ambamo alama moja hubadilishwa kuwa alama nyingine hadi sentensi ikamilike. Tofauti ya Lindenmayer ni kwamba yeye alizibadilisha alama zote kwa mpigo mmoja, kwa kuwa katika kiumbe hai seli hazipangi foleni kusubiri zamu ya kukua.

Herufi peke yake hazina umbo. Aliyezipa umbo kwa namna iliyoenea zaidi ni Przemyslaw Prusinkiewicz, aliyekuwa akifundisha Kanada. Katika miaka ya 1980 alizisoma herufi hizo kama amri kwa kasa wa kuchora, yule wa lugha ya Logo aliyekuwa akiwafundisha watoto kompyuta: nenda mbele, geuka kushoto, geuka kulia. Alama za mabano zilimwambia kasa akumbuke alipo, aende kuchora tawi, kisha arudi palepale. Kwa vitu hivyo vichache kompyuta ikaanza kuchora majani, mashina na maua yaliyokaribia kabisa ya kweli. Kitabu chao cha pamoja, The Algorithmic Beauty of Plants, kilitoka mwaka 1990. Lindenmayer alikuwa amefariki mwaka uliotangulia.

Hapo ndipo Parish na Müller walipookota uzi. Barabara kuu hutoa matawi, matawi hutoa vichochoro. Kwa nini isikue kama mti? Wazo linavutia, lakini lina kasoro moja kubwa, na namna walivyoikabili ndiyo sehemu ninayoiona ya werevu zaidi katika kurasa zile nane. Matawi ya mti hayaungani tena yakishaachana. Barabara huungana. Mji ambao kila njia inaishia ukingoni bila kukutana na nyingine si mji, ni mtego. Kwa hiyo waliigawa kazi. Kanuni za Lindenmayer zilitoa pendekezo tupu la barabara mpya. Kisha malengo ya mji mzima yaliamua ielekee wapi: kwenye wingi wa watu, na kwa mtindo upi, ule wa New York wa miraba, ule wa Paris wa mizunguko, au ule wa San Francisco unaofuata mteremko wa vilima. Mwisho masharti ya papo hapo yalilikagua pendekezo. Je, barabara imefika majini? Itafute pembe nyingine, ikatwe iwe fupi, au ivuke kwa daraja. Je, imekaribia njia panda? Isogezwe ikaungane nayo.

Baada ya barabara vilifuata viwanja. Kila eneo lililozungukwa na barabara lilikatwa vipande viwili, kila kipande kikakatwa viwili tena, hadi vilipofikia ukubwa uliotakiwa. Halafu kuna kanuni moja ndogo ambayo wasomaji wengi huipita bila kusita: kiwanja kisichogusa barabara kinatupwa. Msomaji wa Dar es Salaam hawezi kuipita hivyo. Ukiipeleka kanuni hiyo Manzese au Tandale, utakuwa umefuta nyumba za maelfu ya watu ambao hufika kwao kwa kupita uani kwa jirani, kwenye upenyo wa mabega mawili. Siwalaumu waandishi, walikuwa wakiigiza Manhattan. Nataka tu ionekane mapema kwamba kanuni ya kompyuta, hata iwe fupi namna gani, imebeba maoni kuhusu mji ni nini na nani anahesabiwa kuwa anaishi humo.

Majengo ya mwaka 2001 yalikuwa dhaifu. Kwa mbali yalipendeza; ukisogea uliona masanduku yaliyobandikwa picha za madirisha. Sababu yake inaeleweka. Mmea hukua ukijiongeza, lakini nyumba haijiongezi. Mtu huanza na eneo zima, akaligawa: huku mbele, huku nyuma, chini duka, juu makazi, ukuta huu madirisha matano. Kanuni za kukua hazikufaa. Zilihitajika kanuni za kugawa, na hizo zilikuwa zimekwisha kuanza kupikwa mahali pengine kabisa.

Mwaka 1971, katika kongamano la kimataifa la kompyuta mjini Ljubljana, Yugoslavia ya wakati huo, George Stiny na James Gips waliwasilisha walichokiita sarufi ya maumbo. Wao hawakutumia herufi. Upande wa kushoto wa kanuni waliweka umbo, upande wa kulia wakaweka umbo la kuchukua nafasi yake, na sarufi ikawa mkusanyiko wa michoro miwili miwili. Lengo lao la kwanza lilikuwa picha za ukutani na sanamu. Mwaka 1978 Stiny akishirikiana na William Mitchell aliielekeza sarufi hiyo kwa Andrea Palladio, msanifu wa Italia aliyechapisha vitabu vyake vinne vya ujenzi mwaka 1570. Waliandika kanuni za mpango wa jumba la Palladio: anza na gridi ya vyumba iliyo sawa kushoto na kulia kwa mhimili wa kati, unganisha baadhi ya vyumba kupata ukumbi, weka ukumbi wa nguzo, toboa milango na madirisha yatazamane. Ukizifuata unapata jumba la Malcontenta, ambalo Palladio alilijenga kweli, na unapata pia majumba ambayo hakuyajenga lakini ambayo huwezi kukataa kuwa ni yake.

Kwa muda mrefu sarufi hizi zilibaki kwenye karatasi za wasomi. Kompyuta ilishindwa na jambo ambalo jicho la mtoto hulifanya bila kufundishwa: kuona umbo ambalo halikuchorwa makusudi bali limejitokeza pale mistari ya maumbo mengine ilipopishana. Suluhisho lilipatikana kwa kuachana na tamaa ya kuifanya kompyuta ione hivyo. Mwaka 2003 Peter Wonka na wenzake walichapisha sarufi nyepesi ya kugawa, ambamo kila umbo ni boksi lenye jina, na kanuni haifanyi kingine ila kulikata boksi hilo kuwa maboksi madogo yenye majina yake. Mwaka 2006 Wonka na Müller, pamoja na Simon Haegler, Andreas Ulmer na Luc Van Gool, wakazikutanisha njia zote mbili katika lugha waliyoiita CGA. Hiyo ndiyo lugha ya CityEngine hadi leo.

Namna inavyofanya kazi inaweza kuelezwa bila kompyuta. Kiwanja kinainuliwa juu mita 12, kikawa boksi. Boksi linavuliwa nyuso zake: wa mbele unaitwa uso wa barabarani, wa pembeni kuta, wa juu paa. Uso wa barabarani unakatwa kwa mlalo. Mita 4 za chini ni duka, zinazobaki zigawanywe ghorofa za mita 3 zitakazotosha. Kila ghorofa ikatwe kwa wima vipande vya mita 2 na nusu. Kila kipande kiwe ukuta, dirisha, ukuta. Dirisha lina uwezekano wa asilimia 30 kuwa na kibaraza. Umemaliza. Badilisha hizo mita 3 ziwe 4 na mtaa mzima unajipanga upya mbele ya macho yako, kila jengo likipoteza ghorofa pale inapobidi.

Lugha hiyo pia ilipata kitu ambacho sarufi za awali hazikuwa nacho: adabu ya jirani. Nyumba nyingi za kweli ni boksi zaidi ya moja lililoegemea jingine, na kanuni za awali zilikuwa zikichora dirisha katikati ya ukuta hata kama bawa la pili la jengo limeshaziba nusu yake. Katika CGA umbo linaweza kuuliza kwanza kama mahali lilipo pamezibwa, na dirisha likaacha kuwepo. Kama kielelezo waandishi walichagua Pompeii, mji uliofukiwa na volkano ya Vesuvius mwaka 79. Uchaguzi huo haukuwa wa bahati. Pompeii imebakiza misingi na kuta za chini kwa wingi, huku sehemu kubwa ya ghorofa za juu na mapaa ikiwa imepotea. Ni mahali ambapo mpango wa chini unajulikana na kilichokuwa juu lazima kikisiwe.

Hapa nataka niiache Zürich kidogo, kwa sababu mtu anayejua historia ya miji ataanza kuguna. Kujenga mji kwa kanuni si jambo la karne hii. Mwaka 1573 Mfalme Philip II wa Hispania alitoa amri za namna ya kuanzisha miji huko Amerika: uwanja wa kati uwe wa mstatili, urefu wake usipungue mara moja na nusu ya upana, kona zake zielekee pande kuu nne za dunia ili mitaa isipigwe na upepo moja kwa moja. Baada ya moto mkubwa wa London wa 1666, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya ujenzi mpya mwaka 1667, iliyozipanga nyumba katika madaraja manne. Kwenye vichochoro nyumba ziwe na ghorofa mbili, kwenye mitaa inayotambulika tatu, kwenye barabara kuu nne, na daraja la nne likawa la majumba ya wakubwa. Hata unene wa kuta uliandikwa kwa hesabu ya matofali. Ukiisoma sheria ile leo, unaweza kuiandika upya katika CGA ndani ya mchana mmoja, na London ya baada ya moto ikasimama kwenye kioo cha kompyuta.

Lakini aliyewatangulia vijana wa Zürich kwa hakika, na ambaye simwoni akitajwa vya kutosha, ni mchoraji wa New York aitwaye Hugh Ferriss. Mwaka 1915 lilikamilika jengo la Equitable pale Broadway, ghorofa 38 zilizopanda wima kutoka ukingo wa barabara, zikaitupa mitaa ya jirani kwenye kivuli. Malalamiko yalichangia jiji kupitisha mwaka uliofuata sheria ya kwanza ya aina yake nchini Marekani. Sheria haikukataza urefu. Ilisema jengo linaweza kupanda wima hadi kimo fulani kinachotegemea upana wa barabara, baada ya hapo lirudi nyuma kwa mteremko, na kwenye robo ya kiwanja mnara upande kadiri mwenye fedha atakavyo. Wasanifu waliisoma, wakajikuna vichwa. Hakuna aliyejua maneno yale yatatoa jengo la namna gani.

Mwaka 1922 Ferriss, akifanya kazi na msanifu Harvey Wiley Corbett, alilijibu swali hilo kwa mkaa. Alichora hatua nne. Katika ya kwanza kuna mlima mweusi wenye miteremko, ambao si jengo; ni ujazo wote ambao sheria inauruhusu. Katika ya pili mlima umechimbwa ili mwanga uingie ndani. Katika ya tatu miteremko imegeuzwa kuwa ngazi, kwa sababu hakuna mpangaji anayelipia ofisi yenye ukuta ulioinama. Ya nne ndiyo jengo. Hayo ni yaleyale yanayofanywa na CityEngine: anza na umbo linaloruhusiwa na kanuni, likate, likate tena. Wakati michoro hiyo ilipokusanywa katika kitabu mwaka 1929, New York yenyewe ilikuwa inajaa minara ya ngazi kama ile. Mtu mmoja alikuwa ameisoma sheria na kuona maumbo yaliyojificha ndani yake kabla jiji halijayajenga.

Ndiyo maana sishangai programu ilipoishia. Mwaka 2007 Müller na wenzake walianzisha kampuni ya Procedural jijini Zürich, na mwaka 2008 CityEngine ikaanza kuuzwa. Wateja wa sinema na michezo ya kompyuta walikuwepo, lakini mwaka 2011 kampuni ilinunuliwa na Esri ya Redlands, California, ambayo biashara yake tangu 1969 ni ramani. Mnunuzi hakuwa studio ya Hollywood. Alikuwa muuzaji wa ramani kwa serikali na halmashauri, watu ambao kila siku wanakabiliwa na swali lilelile la Ferriss: tukibadilisha sheria hii ya ujenzi, mtaa utaonekanaje na kivuli kitaangukia wapi?

Sasa Roma, ambako njia hii ilijaribiwa vikali kuliko pengine popote. Mradi wa Rome Reborn ulianza katika miaka ya 1990 chini ya Bernard Frischer, kwa nia ya kuijenga Roma ya mwaka 320, enzi ya Mfalme Constantine, kwenye kompyuta. Frischer aliyagawa majengo katika makundi mawili, na mgawanyo huo ni kati ya maamuzi ya kiungwana niliyowahi kuyaona katika kazi za namna hii. Kundi la kwanza ni majengo yanayojulikana vizuri: Colosseum, hekalu hili, mahakama ile, ambayo magofu, maandishi na vipimo vyake vipo. Hayo ni machache. Kundi la pili ni mengine yote, karibu 7,000, nyumba za watu wa kawaida ambazo hakuna aliyeziandikia chochote.

Kwa kundi la pili mradi uliegemea kwanza modeli ya plasta. Italo Gismondi aliianza katika miaka ya 1930, kwa kipimo cha 1 kwa 250, ikaonyeshwa katika maonyesho ya Augustus ya mwaka 1937, ambayo utawala wa Mussolini uliyatumia kujitukuza, naye akaendelea kuiongezea kwa miongo mingine mitatu. Modeli hiyo ilipimwa kwa miale ya leza, na toleo la kwanza la Roma ya kompyuta likazinduliwa mwaka 2007. Ila plasta ya kipimo kile haina undani. Nyumba zilitoka kama vibanda vipofu. Kwa toleo la pili, lililoonyeshwa mwaka 2008, maelfu ya nyumba hizo yaliandikwa upya kwa kanuni za CityEngine, zikapata milango, madirisha, vibaraza na mapaa ya vigae.

Wapo waliolalamika kwamba sasa Roma imekuwa ya kubuni. Wanasahau kuuliza plasta ilitoka wapi. Gismondi alifanya kazi miaka mingi katika machimbo ya Ostia, bandari ya zamani ya Roma, ambako kuta za nyumba za ghorofa za wapangaji zimesimama vizuri kuliko Roma kwenyewe. Nyumba alizozipanga katika Roma yake ya plasta, pale ambapo hakukuwa na ushahidi, zilitoka kichwani mwake, na kichwa hicho kilikuwa kimejaa Ostia. Naye alikuwa na kanuni. Ila hakuziandika, na akafariki nazo mwaka 1974. Ukibishana na nyumba ya plasta huna wa kumuuliza kwa nini ina ghorofa nne na si tano. Ukibishana na nyumba ya CityEngine unafungua faili, unaikuta namba, unaona imeandikwa wapi, unaibadilisha, na Roma nzima inasimama upya ikifuata hoja yako. Kukisia kwenyewe hakukuanza na kompyuta. Kilichoanza na kompyuta ni kulazimika kukisia kwa maandishi.

Hatari ipo upande wa mtazamaji, ambaye haoni faili. Anaona picha, na katika picha Colosseum iliyopimwa na nyumba iliyokisiwa zimeng'aa sawasawa. Kosa katika kanuni nalo halikosei nyumba moja. Linakosea mtaa mzima kwa mkao uleule, na jicho hudhani kilichorudiwa mara elfu kina ushahidi mara elfu. Nasema wazi: modeli ya namna hii isiyotofautisha kwa rangi au kwa alama yoyote kilichojulikana na kilichokisiwa haifai kuoneshwa shuleni wala makumbusho.

Haya yanatuhusu sisi wa pwani kwa njia ya karibu sana. Nyumba ya mawe ya Lamu ni sarufi tupu. Upana wa chumba hauamuliwi na mwenye fedha bali na boriti, kwa sababu gogo la mkoko lina mwisho wa kubeba dari ya mawe na chokaa, na ndiyo maana vyumba vya Kiswahili ni vyembamba na virefu, upana usiozidi sana mita 3. Ukiingia unapita daka, yaani ukumbi wa mlangoni, kisha kiwanda, yaani ua ulio wazi juu, kisha misana, zile kumbi ndefu, kisha ndani, na kila hatua ya kuingia inakupandisha kidogo na kukutenga zaidi na mtaa. Zidaka, vile vishubaka vya ukutani, zina mahali pake. Ukuta wa barabarani hauna cha kuonyesha, na pale familia ikipanuka kuliko kiwanja, wikio, chumba cha daraja, linavuka juu ya njia. Usam Ghaidan aliyapima na kuyachora mengi ya haya katika miaka ya 1970, na kitabu chake kuhusu Lamu kilitoka 1975.

Wenzetu wa mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town wamepima kwa leza magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara pamoja na majengo ya Lamu. Hiyo ni kazi ya kundi la kwanza la Frischer, na haina mbadala. Mnamo Desemba 25, 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib ya Zanzibar ilipoporomoka, jengo lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, hakuna kanuni ingeweza kulirudisha. Lile ni jengo pekee la aina yake, na linahitaji vipimo vyake lenyewe. Lakini Mji Mkongwe na Lamu hazikujengwa kwa majumba ya masultani tu. Zimejengwa kwa mamia ya nyumba zisizo na jina, zinazobomoka moja moja bila gazeti kuandika, na kwa hizo vipimo vya leza havitoshi. Leza inakuambia ukuta uko wapi. Haikuambii kwa nini uko hapo, na usipojua kwa nini huwezi kuikarabati nyumba ya jirani iliyokwisha kuanguka.

Mafundi wanaojua kwa nini bado wapo Lamu, Pate na Unguja: waashi wa chokaa, wachonga milango, wazee waliowahi kupanga boriti darini kwa jicho tu. Idara za usanifu za Nairobi na Chuo Kikuu Ardhi, na mamlaka zinazosimamia miji hii, zina wanafunzi na zina kompyuta. Wakakae nao. Kila kanuni iandikwe kwa Kiswahili kwanza, pamoja na jina la nyumba ilikopimwa na la fundi aliyeieleza, na ile iliyokisiwa iandikwe kuwa imekisiwa.